Glasi ya Mgeni

Mwaka niliojifungua nilikuwa nasomea ualimu wa chekechea katikati ya jiji. Sikuwa na mume wala mtu wa kuniangalilia mtoto. Binti yangu alipofikisha miezi mitano nilimpeleka Mutuini kwa mama yangu, nikarudi kwenye chumba changu kimoja Kawangware. Kila Jumamosi nilikwenda kumwona. Nilikuwa mama siku moja kwa wiki, na nilijipa moyo kwamba inatosha.

Chuoni tulisoma jinsi binadamu anavyokua, tangu uchanga hadi uzee. Mwalimu wetu, mzee mpole wa sweta majira yote, alituambia kwamba mtoto wa miezi minane, tisa hivi, huanza kutofautisha watu wake na wageni, na mgeni akimbeba hulia. Niliandika vizuri nikapiga mstari chini yake. Jumamosi iliyofuata nilifika Mutuini, nikanyoosha mikono, binti yangu akapiga mayowe na kuficha uso shingoni mwa nyanyake.

"Ni meno tu hiyo," mama yangu aliniambia haraka. "Amesumbua hivyo wiki nzima."

Nilikubali kwamba ni meno. Siku hiyo niliuhitaji uongo ule kuliko chakula.

Nilimaliza masomo, nikapata kazi katika chekechea moja upande wa Karen. Jumatatu hadi Ijumaa nilifuta kamasi za watoto wa wenyewe, na wengine waliteleza ulimi wakaniita mami. Wangu alifundishwa na nyanyake kuniita hivyo, naye aliniita, kwa adabu kabisa. Alipotimiza miaka sita, mama yangu alimpitisha mkono wake mwenyewe juu ya kichwa, vidole vikafika sikio la upande wa pili, akatangaza kwamba mtoto ameiva kwa darasa la kwanza. Tukakubaliana Januari aje kuishi nami. Niliogopa jambo moja tu: kwamba angekuja kwangu kama mtoto anayepelekwa kwa watu.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa kwenye mafunzo ya walimu, na tukapewa zoezi la kupima fikra za mtoto. Nilimkalisha binti yangu mezani Mutuini, nikamimina chai sawasawa katika vikombe viwili vya bati.

"Hizi chai ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Nikahamisha ya kikombe kimoja ndani ya glasi ndefu, ile moja tu iliyokaa kabatini mwa mama. Watoto wengi wadogo huona chai imeongezeka kwa sababu imepanda juu.

"Na sasa, gani iko mingi?"

"Ziko sawa," alijibu bila hata kufikiri. Kichwa kilinivimba kwa fahari. Lakini karatasi ya zoezi ilisema niulize mara ya pili, nami mwalimu mzima nikauliza.

"Una uhakika? Hebu angalia tena."

Uso wake ukanywea. Katika nyumba ile, na katika nyumba zote ninazozijua upande wetu, mtu mzima hakuulizi mara mbili ila umekosea. Mwalimu gani hakumbuki hilo? Akaonyesha glasi. Kisha, kutengeneza mambo zaidi, akanisukumia kwa mikono miwili.

"Basi kunywa hii, mami. Hii ni ya mgeni."

Iliniuma sana. Na hakukosea mtoto. Kila Jumamosi nilifika na viatu vya mjini, na mkate, na sukari. Nilipewa kiti, nikapikiwa chapati, nikanywea glasi ile ile, nikasindikizwa hadi barabarani. Sikuwahi kuosha hata kijiko.

"Amekupa heshima tu," mama yangu alisema.

"Najua, mama."

Tangu wiki ile nilivua viatu nikaingia jikoni. Niliosha sufuria, nikachota maji, nikamkemea binti yangu kwa kulala na miguu michafu. Alininunia jioni nzima, na mimi nilifurahi kama mwehu, kwa maana wageni hawanuniwi. Januari akaja kuishi nami.

Mama yangu alitutembelea kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu, na viatu vya kanisani na ndizi kwenye kiondo. Nilimweka kwenye kiti. Binti yangu akaandaa chai mwenyewe. Mimi alinipa kikombe cha bati kilichobanduka rangi, kama chake, bila hata kuniangalia. Moyo wangu uliruka. Kisha akachukua glasi ndefu ambayo nami nilikuwa nimewawekea wageni kabatini, akampa nyanyake kwa mikono miwili.

"Kumbe leo mgeni ni mimi," mama yangu alisema. Alicheka, lakini hakuinua glasi.

Yule mzee wa sweta alitufundisha pia kwamba mtu mzima bado anakua, na kila umri una kitu chake cha kuachilia. Hapo sikupiga mstari. Sasa niliutazama uso wa aliyenilelea mtoto miaka sita na nikaona haya. Nikamsogezea kikombe changu, nikavuta glasi upande wangu.

Binti yangu akaishika glasi isifike kwangu.

"Hapana, mami! Na wewe si mgeni!"

Ikabaki katikati ya meza, chai ikapoa ndani yake, na sisi watatu tukapokezana vikombe viwili.