Mbwa wa Mama na Sensa ya Sebuleni

Wezi waliingia nyumbani kwangu Bweri mchana kweupe, mama yangu akiwa jikoni anachambua mchicha. Mimi nilikuwa kazini mjini Musoma. Walipitia mlango wa nyuma, wakamfungia mama stoo, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na redio yake ndogo, wakaenda zao. Kabla ya hapo walikuwa wamemtupia mbwa aliyekuwa uani nyama yenye sumu. Mama alikuja kuishi kwangu baada ya baba kufariki, akatoka Butiama na mbwa wake wawili. Jioni ile tukamzika mmoja nyuma ya nyumba. Yule wa pili, jike la rangi ya udongo, alipona kwa sababu alikuwa amefungiwa chumbani kwa mama.

Tangu siku hiyo mama hakukubali kubaki ndani bila mimi. Asubuhi nikitoka, na yeye anatoka, anavuka njia, anaenda kukaa barazani kwa jirani yetu, mama mmoja muuza dagaa. Anakaaga hapo mpaka nirudi, macho kwenye nyumba yetu. Mbwa tulimwacha ndani, kwa sababu nje tulishaona yaliyompata mwenzake. Usiku mama alilala kitandani kwangu, ameshika upindo wa kanga yangu.

Kaka yangu, anayelima Guta kule Bunda, alisema atakuja kumchukua. Mama hakutaka. Alisema ameshahama mara moja, hana tena nguvu za kuzoea jiko lingine na kanisa lingine. Nikamwomba kaka anipe muda kidogo niweke alamu. Alikubali kwa shingo upande.

Fundi alipokuja na kutaja sensa, mama akauliza kama serikali inahesabu watu tena. Nilicheka, na sikucheka tena kwa muda mrefu. Fundi alieleza kwamba kidude kile kinahisi joto la mwili unaotembea. Hiki chetu kilikuwa cha nyumba zenye wanyama: mbwa akipita sakafuni hakimjali, ila asiwe mzito kupita kiasi. Tukampeleka mbwa kwenye mashine ya kusaga, tukampima kwenye mzani wa mahindi huku watu wakituangalia kama wendawazimu. Uzito ulifaa. Fundi akaifunga sensa juu, kwenye kona ya sebule, ikitazama kochi na dirisha.

Kesho yake simu yangu ikatetemeka juu ya meza ya ofisi. Alamu. Nilipanda bodaboda sijui hata kama nilivaa viatu vizuri. Nilikuta king'ora kinalia, milango imefungwa kama nilivyoiacha, na mbwa amejikunyata chini ya meza. Ng'ambo ya njia mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Alikuwa amejikojolea. Jirani alimshika mabega, akaniangalia.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Fundi alirudi akasema ni jua linalopiga dirishani, akaihamishia kona nyingine. Ikalia. Akasema ni pazia, tukatoa pazia. Ikalia. Akapunguza ukali wake, kisha nikapita mwenyewe mbele yake, nikapunga mikono, ikanyamaza kama sipo. Nikamwambia airudishe ilivyokuwa, maana isiyoniona mimi isingewaona na wezi. Mwishowe akachoka. Akasema mbwa atolewe nje, yeye hana dawa nyingine.

Kazini mkuu wangu alinifungia mlango na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama bado naitaka kazi. Pale mtaani king'ora kikilia watu hawakugeuka tena. Walisema ni ile alamu ya mbwa. Hilo liliniogopesha kuliko yote, kwa sababu wezi nao wana masikio. Na mama aliacha kula. Nikimpelekea uji anaushika tu mpaka unapoa. Kaka akapiga simu: Jumamosi anakuja na gari.

Ijumaa niliomba ruhusa. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nimeishiwa. Mama alipovuka njia kama kawaida, nilizima alamu, nikajibanza koridoni nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, nikamwangalia mbwa.

Alilala sakafuni kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akanusa chini ya mlango wa mbele, akalia kidogo puani. Halafu akaruka juu ya kochi, akapanda hadi kwenye mgongo wa kochi, akasimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele akaiweka dirishani. Mbele ya sensa alikuwa mrefu kama mtu. Mkia ulikuwa unapigapiga. Nikasogea nione anachokiona. Ng'ambo ya njia, barazani kwa jirani, mama alikuwa amekaa.

Nilikaa chini pale pale nikalia kama mtoto.

Baadaye nikavuka njia nikamweleza mama. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kumbe ananitafuta," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana inalia."

Akaitazama nyumba. "Na mimi namwacha humo peke yake kila siku."

Akasimama, akatangulia yeye. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle ndani mchana tangu wezi wamfungie.

Mchana ule nilimbembeleza fundi arudi. Tuliitoa sensa sebuleni tukaiweka koridoni, kwa urefu ulioelekezwa kwenye karatasi yake, ukutani ambako hakuna kiti wala meza ya mbwa kupandia. Mtu akitokea mlango wa nyuma lazima akatize mbele yake, na fundi alisema anayekatiza huonekana haraka kuliko anayeijia usoni. Sebule tuliiacha bila ulinzi zaidi ya nondo za dirisha. Televisheni yenyewe hatukuwa nayo.

Tukawasha. Mbwa akapita chini, kimya. Mbwa akapanda kochi lake sebuleni akatazama nje, kimya. Nikataka kupita mimi, mama akanishika mkono.

"Hapana. Nipite mimi."

Nilimwambia italia kwa nguvu. Akasema anajua. Akapita, mgongo umenyooka, na king'ora kilipolipuka alishtuka mwili mzima, akafumba macho, lakini hakukimbia. Alisimama pale mpaka nilipokizima.

Jumamosi kaka alifika na gari lenye nafasi ya godoro la mama. Mama alimwandalia ugali na sato, akamwambia haendi. Kaka hakubishana mbele yake. Aliniita nje, tukasimama kando ya gari, akaniuliza wezi wakirudi itakuwaje.

"Sijui, kaka," nilimjibu.

Akapanda gari peke yake, akaondoka kuelekea Bunda. Nilibaki barabarani mpaka vumbi likatulia. Bado sijui.