Walinizeesha kwa Siku Moja

Munaonijua munajua: masomo yangu ni darasa ya pili tu. Lakini hapa Ngungu, nyumba ya mabati ya kwanza kwa kilima yetu ilikuwa yangu. Nilianza kwa kubeba maharagi kichwani mpaka sokoni, nikafika kukodi kamyo nzima, lori ya mizigo, mpaka soko ya Mubi. Hakuna muntu aliyenisukuma. Nikisema neno, watu wananyamaza.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga mifuko. Kamba ikaniponyoka mukono wa kuume. Nikainama kuiokota, nikaanguka juu ya maharagi. Mudomo ukaenda upande, mate yakatoka, mukojo ukatoka. Nilitaka kuita muke wangu, ikatoka sauti kama ya ndama. Nilikuwa na miaka arobaini na saba.

Wakanibeba kwa machela mpaka disipanseri. Muganga, kijana tu, akanipima, akawaambia: "Ni mushipa ya kichwa imeziba, si uzee. Mukono huu utumike kila siku. Mumusemeshe sana. Akitafuta neno, mumungojee."

Njiani ndugu yangu mudogo, Bahati, akacheka: "Kale kajana kanajua nini? Uzee ukifika, umefika." Alisema vile juu ya kichwa changu, nami nasikia yote.

Basi wakanizeesha. Wakanitoa kwa kitanda yangu, wakanipeleka kwa kibanda nyuma ya jikoni, kwa shangazi yangu, dada ya baba. Kibanda hicho nilikijenga mimi, na kanisani nilijisifu kwamba nalisha muzee. Lakini sikuwahi kukaa mule hata saa moja. Sasa nikajua: mvua inavuja palepale juu ya mito ya kulalia. Chakula inafika ya mwisho, baridi, imepondwa kama ya mutoto. Muke wangu alinifuta mikojo akigeuza uso. Wageni walimuuliza yeye, "Muzee iko nakula?" na mimi niko pale nawaangalia.

"Miaka sita njo wanauliza juu yangu vile," shangazi akaniambia. "Karibu."

Hakunihurumia. Akamwaga maharagi yenye maganda mbele yangu.

"Toa maganda. Kwa huo mukono mufu."

Nikalia.

"Lia, lakini vidole vitumike. Muntu wa kamyo, leo punje moja imekushinda?"

Kila siku vile. Na ulimi pia: "Nitukane! Sema, shangazi mubaya!" Kamasi ilinishuka, jasho ilinishuka, neno halikuja. Maharagi yalipopandwa tena shambani, kidole kimoja kikajikunja. Yalipotoa maua, nikasema: "Mu-baya." Akacheka mpaka akakohoa. "Huyu njo mutoto ya kaka yangu!"

Hawa wengine hawakujua. Nani aliingia mule kusikiliza?

Kisha watu wa Masisi wakakuja kuposa binti yangu. Kwetu, pombe ya posa inaonjwa kwanza na baba ya binti, na neno lake njo linakubali ao linakataa. Kutoka kibanda nikasikia Bahati: "Kaka yangu amekwisha. Mimi njo nitaonja, mimi njo nitasema."

Binti yangu! Shangazi akanipa fimbo yake. "Enda. Kama ni kuanguka, anguka mbele yao."

Nikavuta muguu mpaka mulangoni. Bahati alikuwa amekwisha kuinua kibuyu.

"We-ka chini," nikasema. "Baba ya-ke iko."

Muke wangu akapiga kelele. Wageni wakasimama. Bahati akashusha kibuyu: "Kaka, tulikuwa tunakupumuzisha tu. Ni heshima."

Heshima! Nikaonja, nikamuuliza binti yangu kama anapenda, akasema ndiyo, nikakubali. Nikatuma waite shangazi aketi karibu yangu. Akakataa kuja. "Wananiita kwa sababu wewe umesimama," akanitumia jibu. "Wanipe chakula ya moto kesho na kesho kutwa, njo nitaamini."

Leo natembea, nanunua maharagi, nagombana na watu. Mungu asifiwe, na shangazi yangu asifiwe. Wewe uliyeanguka kama mimi, usikubali kupumuzishwa. Tumikisha mukono, hata ukulize. Nanyi wenye muntu asiyesema: anasikia. Musimuongelee kama mbuzi ya soko.

Ugonjwa niliushinda. Lakini uzee wa kweli uko njiani, na watakaonilisha ni wale wale wa chakula baridi.