Mwimbaji Niliyemkanda Miguu

Madam wangu wa Riyadh alinigawa kwa mama mkwe wake kama mtu anavyogawa sufuria iliyotoboka. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwake Al-Naseem karibu mwaka, na muda wote huo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Basi mama mkwe alipopiga simu kutoka Jeddah, kwamba ana mgeni mgonjwa na anataka mtu wa kumhudumia, madam alimjibu papo hapo, "Chukua huyu wangu. Mimi nitatafuta mwingine." Akaniambia nifunge mizigo. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, alikuwa bosi, mume wake, na pasipoti yangu ilikaa kwenye kabati lake, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuniuliza ninaonaje.

Bosi alinipeleka mwenyewe kwa gari. Njia nzima aliongea na simu, na alipomaliza kuongea na simu alisikiliza mawaidha ya redio. Tulipofika Jeddah joto lilinishika usoni, joto la majimaji, si lile kavu la Riyadh.

Nilipomwona mama mkwe nilifurahi. Alikuwa mweusi kunishinda mimi. Babu zake walitoka Afrika Magharibi kwenda kuhiji, wengine kwa miguu, wakaishiwa nguvu za kurudi, wakazaa huko huko mpaka wakawa Wasaudi. Nilimwamkia kwa mikono miwili, kama ninavyomwamkia shangazi yangu kule Kitale. Akauvuta mkono wake.

"Sikiliza," akasema. "Usije ukadhani sisi ni ndugu. Wewe umeletwa hapa na ofisi ya kazi. Babu yangu aliletwa na Mungu."

Watu walimwita Hajja, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Mgeni mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni juu ya mito, ndevu zimepakwa hina, kanzu imepandishwa hadi magotini. Miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hajja akanionyesha chupa ya mafuta na kuniambia nitakuwa nikimkanda asubuhi na alasiri. Katika nyumba ile mwanamke hakumpa mwanamume wa nje hata mkono, lakini kwangu sheria hiyo ilionekana haina kazi. Nilikuwa mtumishi, tena Mkristo, na mikono yangu haikuhesabika kuwa ya mwanamke.

Yule mzee hakuniangalia. Alinisemesha kwa Kiingereza. "Fanya polepole. Nyinyi watu wa mashariki mna mikono ya kulimia."

Nilimchukia siku hiyo hiyo, kabla sijajua ni nani.

Aliyeniambia ni dereva wa nyumba. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, kutoka Afrika Magharibi, nchi ile ile aliyotoka mgeni, na mkataba wake ulikuwa kwa bosi kama wangu. Kati yetu tuliongea Kiingereza cha kuokoteza kilichochanganyika na Kiarabu cha jikoni. Nilikuwa natoa takataka, naye alikuwa anaosha gari.

"Dada, unajua unamkanda nani?"

"Mzee mwenye kisirani," nikamwambia.

Hakucheka. Alizima maji, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo mmoja, mstari mmoja tu, na mimi nikaangusha mfuko wa takataka.

Wimbo ule niliujua tangu sijaota meno ya pili. Kila Mkenya wa rika langu ameusikia kwenye redio, katika vipindi vya zilipendwa, na hakuna harusi ya kwetu iliyokwisha bila kuupiga. Hatukujua ni lugha gani. Tuliutilia maneno yetu wenyewe, tukaimba "sogea, sogea karibu," kwa sababu ndivyo masikio yetu yalivyosikia. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mkali asiyependa kucheka, lakini wimbo huo ukianza alikuwa akifuta grisi mikononi na kumwita mama. Ni katika wimbo huo tu niliwaona wazazi wangu wakishikana. Tulipomzika baba tuliupiga, na mchungaji mwenyewe akatingisha kichwa kwa mdundo.

Alasiri ile nilimkanda mzee kwa mikono mingine kabisa. Nikakusanya ujasiri, nikamwambia kwamba kwetu Kenya tunamjua, kwamba baba yangu alimpenda, na kwamba tunaimba sogea karibu.

Alifungua macho. "Mnaimba nini?"

Nikarudia, nikamtafsiria.

"Mmeuharibu," akasema, akafumba macho tena. Lakini hakuweza kunyamaza, maana alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa, na katika nyumba ile hakuna aliyemsikiliza. Hajja alimheshimu kwa sababu mama zao waliwahi kuwa na undugu wa mbali, si kwa sababu ya muziki. Muziki kwake ulikuwa upuuzi, isipokuwa pale unapowasifu watu wa ukoo wake. Basi mimi nikawa hadhira. Siku baada ya siku, mafuta yakiwa mikononi mwangu, nikayapata maisha yake yote.

Alizaliwa katika nyumba ya watengeneza ngozi. Baba yake alimpiga kwa kandambili za ngozi alizozishona mwenyewe kila alipomsikia akiimba, kwa sababu kuimba kulikuwa kazi ya ukoo mwingine, wa chini yao. Akatoroka akaenda mjini, akawa anaimba mlangoni pa sinema kabla picha haijaanza, ili watu wasichoke kusubiri. Mpiga gitaa mmoja akamsikia, akamchukua. Uhuru ulipokuja serikali ikaunda bendi yake, ikawapa sare na magari, naye akawa mwimbaji mkuu. Walizunguka dunia. Aliniambia habari za miji yenye theluji, za wanawake waliomngojea nje ya hoteli, za rais aliyelia akimsikiliza. Aliposimulia uso wake ulirudi ujana, na nakiri alisimulia vizuri. Kuna siku nilisahau kwamba simpendi.

Halafu rais yule akapinduliwa, na wanajeshi wakaja. Wanamuziki wenzake wawili wakakimbilia nje. Yeye akabaki.

"Ndipo nikatunga ule wimbo wenu," akasema. "Ule mnaouharibu."

"Unasema nini hasa, mzee?"

"Unamsifu mtu. Lile neno mnalolisikia kama sogea ni jina lake la sifa. Alikuwa kamanda wa kambi. Alitaka wimbo, nikampa wimbo."

"Kambi ya jeshi?"

"Ya wafungwa." Alisema hivyo kama mtu anayesema kambi ya mapumziko. "Alinipa nyumba yenye ghorofa. Ni wimbo mzuri. Hata nyinyi mmeucheza bila kumjua, sivyo? Kanda hapo kwenye kifundo."

Nilikanda. Nilikuwa namwona baba yangu akifuta grisi mikononi, akisogea kwa mama yangu kwa jina la askari jela. Nilitamani kukibinya kile kifundo mpaka apige kelele.

Kesho yake nilimuuliza dereva kama ni kweli. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akila mkate. Akautazama ule mkate, akauweka chini.

"Baba yangu alikuwa mwalimu," akasema. "Walimchukua darasani, watoto wakiangalia. Waliobahatika kutoka walitusimulia. Kila asubuhi wafungwa walibeba mawe, na kipaza sauti kilipiga wimbo huo. Ukikosea hatua, unapigwa. Baba yangu hakutoka."

"Na wewe unamwendesha hospitali kila wiki?"

"Ikama yangu ya kuishi hapa iko kwa bosi. Nina watoto."

Akaokota mkate wake akaendelea kula, akitafuna muda mrefu sana.

Miezi ikaenda hivyo. Halafu bosi akapata mtoto wa kiume kule Riyadh, na Hajja akataka akika ifanyike Jeddah, kwenye nyumba ya ukoo. Madam akaja na mtoto, akanipita mlangoni kama nguzo. Mbuzi wakachinjwa, wali ukapikwa kwenye masufuria ya kukodi, na mchana wanaume wakajaa uani chini ya turubai. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nikipokezana sinia na dereva. Hajja, kwa kuwa alikuwa kikongwe na hakuna wa kumwambia kitu, alikuwa ameketi karibu nami kwenye kiti chake, anasikiliza.

Baada ya kula bosi akamwomba mgeni awakumbushe wazee wa ukoo kwa wimbo. Yule mzee akajivuta, akakohoa, akaanza. Sauti ilikuwa imepasuka, lakini ilikuwa ndiyo ile ile ya redioni. Aliimba wimbo wa kamanda. Lile jina alikuwa ameliondoa, na mahali pake ameweka jina la babu wa ukoo wa bosi, yule aliyekuja kuhiji. Wanaume wakafurahi, wakamrushia noti. Bosi alikuwa akifuta machozi.

Dereva alitoka jikoni na sinia ya matunda. Alifika katikati ya uwanja, akasimama. Akaiweka sinia chini, polepole, akasema maneno machache kwa Kihausa, lugha yao. Hakupaza sauti.

Mzee akakatiza wimbo. Bosi, ambaye alikua akiongea Kiarabu tu, akauliza, "Amesema nini huyu?"

Mzee akaangalia noti zilizokuwa mapajani mwake, akamwangalia bosi, akasema kwa Kiarabu, "Amemtukana babu yako. Amesema alikuwa mtumwa."

Sijui ni nani aliyempiga dereva kwanza. Walimtoa kwa kumvuta shati, na bosi akapiga kelele, "Halas! Halas! Simtaki tena nchini!" Niliweza kumfikia dereva kwenye chumba chake cha pembeni, anakusanya nguo, damu inamtoka puani. Nikamuuliza alikuwa amesema nini.

"Nilimwambia, sasa imba kwa jina la baba yangu." Akanitajia jina la baba yake, nami nikalirudia ili asije akadhani sikusikia. "Hicho tu, dada. Hicho tu."

Nilirudi sebuleni. Wageni walikuwa wameondoka, mzee amelala juu ya mito yake.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Niletee maji."

"Nakuuliza, kwa nini umemsingizia?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza nadhani, akanitazama hasa. "Wewe binti, mimi nimeishi chini ya marais wanne. Unajua walioishi pamoja nami wako wapi? Niletee maji."

Sikumletea. Nilikwenda kwa Hajja, nikapiga magoti, nikamweleza kwa Kiarabu changu kibovu kwamba dereva hakumtukana mtu, kwamba alikuwa akimtaja baba yake, aliyefia kambini kwa yule kamanda aliyetungiwa wimbo. Hajja alinisikiliza mpaka mwisho, akihesabu tasbihi.

"Kihausa ni lugha ya mama yangu," akasema. "Masikio yangu hayajafa. Nilisikia kila neno."

"Basi mwambie bosi, Hajja. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege halijaondoka."

"Nimwambie mwanangu kwamba, mbele ya watu wake, amelizwa na wimbo wa askari jela? Kwamba babu yetu amevishwa nguo iliyovuliwa na mwingine?" Akatikisa kichwa. "Mgeni ni mgeni. Dereva ni dereva. Yalla, kuna vyombo."

Nikaosha vyombo. Nilivipigiza kwenye sinki kwa nguvu mpaka sahani mbili zikavunjika, na hakuna aliyekuja kuuliza. Gari lilitoka, nikasikia lango likifungwa.

Asubuhi nilimwambia mzee kwamba miguu yake sitaigusa tena. Chai nitaleta, kitanda nitatandika, miguu mafi, hakuna. Alinitukana kwa lugha zote alizozijua. Hajja alinitishia polisi, kisha akaninyima chakula, kisha akachoka. Bosi akanirudisha Riyadh. Madam alinipokea mlangoni na kicheko: "Hata maiti inayopumua imekukataa!" Nikaingia jikoni kwake nikaendelea na mkataba, maana sikuwa na mahali pengine. Wenzangu waliotoroka walikuwa wamejibana mtaa wa Manfuha, wanane chumba kimoja, wakiogopa kila mlango unaogongwa.

Dereva alifika kwao salama. Alinitumia ujumbe wa sauti kupitia mlinzi mmoja Mkenya aliyekuwa na simu. Alisema amepata kazi ya lori, na watoto wamekua. Habari za mzee hakuuliza.

Mzee alifia Jeddah, karibu na mwisho wa mkataba wangu. Nilipata habari hiyo mtaa wa Al-Sulimaniyah, ambako madam alinituma dukani kuchukua kitambaa cha mapazia huku yeye akingoja garini. Muuzaji alikuwa kijana wa Afrika Magharibi, na kwenye televisheni yake ndogo walikuwa wakionyesha picha za mzee akiwa na suti nyeupe, umati unampungia. Kijana alikuwa analia waziwazi, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Tumempoteza baba wa taifa letu," akaniambia. "Unamjua?"

"Nilimkanda miguu Jeddah."

Akanishika mikono yote miwili. Akaniambia nimebarikiwa, akaniuliza alikuwaje, alikuwa mnyenyekevu kama wanavyosema? Nami nikamweleza. Nikamweleza habari za kambi, mawe na kipaza sauti, na dereva aliyetolewa na damu puani, na nikamtajia jina la yule mwalimu. Nilipokuwa nasema, mikono yake ilianza kuniachia.

"Nani amekulipa useme hivi?"

"Hakuna."

"Toka dukani kwangu."

"Kaka, nimekuja kwa kitambaa. Madam ananingoja."

"Nimesema toka! Kitambaa sina."

Majora ya vitambaa yalikuwa yamejaa nyuma yake mpaka darini. Nje madam alikuwa ameanza kupiga honi. Nilitoka, nikampita madam bila kumwangalia, nikaingia duka la pili.