Tonton Rennie, Mskoti wa Likasi na Saint-Gilles

Wakongomani wa Saint-Gilles, mtaa mmoja wa Brussels, walimwita Tonton Rennie, yaani Mjomba Rennie, na wengi walidhani ni Mbelgiji, wakashangaa kumsikia akiongea Kiswahili cha Likasi, mji wa machimbo kule Kongo. Alikuwa Mskoti, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Miaka ya hamsini alikuwa mshambuliaji wa klabu ndogo ya mji wao, na makipa waliuogopa mguu wake wa kushoto.

Alipokuwa na miaka ishirini na minne, klabu kubwa ya Glasgow ilimtaka. Jumamosi ya mwisho kabla ya kuhama, beki mmoja alimwingia vibaya, mguu ukavunjika. Beki huyo alimfuata hospitali, akakaa kando ya kitanda analia. Rennie akamwomba anyamaze, amsomee matokeo ya mechi kwenye gazeti. Walibaki marafiki hadi uzeeni.

Mguu ulipona, lakini mbio hazikurudi, na ile klabu kubwa haikuuliza habari zake tena. Rennie hakuacha. Alirudi kwenye timu yake, akashuka nyuma kidogo ya washambuliaji, akawa anawatengenezea wengine mabao. Alicheza hivyo mpaka nywele zikaanza kumtoka. Baadaye ufundi wa mitambo ulimpeleka Likasi. Huko akamwoa Thérèse, na walipozeeka wakahamia Brussels kwa binti yao.

Mwaka 2007, mfungaji wa timu yetu ya Jumapili, sisi Wakongomani wa Saint-Gilles, alikuwa Guylain, mlinzi wa ofisi moja kule Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Aliumia goti, na aliporudi uwanjani hakufunga tena. Siku moja mechi ilipokwisha alivua viatu akavitupa mbele ya Tonton Rennie, ambaye hakukosa mechi zetu.

“Tonton, miye naacha. Mbio imekwisha.”

Tonton Rennie aliketi kwenye nyasi karibu naye, polepole, maana mguu ule haukukunjika vizuri.

“Yangu iliisha nikiwa na miaka vingt-quatre, ishirini na minne tu. Nililia sana, Guylain. Kisha nikaona kama siku zote nilikuwa natazama goli tu, wenzangu siwaoni. Bon, vaa viatu.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Kesho utakuwa muzee zaidi.”

Tangu hapo alimfundisha kila Jumapili: kabla mpira haujakufikia, uwe umeshajua nani yuko wapi. Mwenyewe alisimama katikati ya uwanja, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akipiga pasi ndefu zilizotua miguuni pa mtu. Tuliacha mazoezi tukamtazama. Msimu uliofuata Guylain alifunga mabao machache, lakini timu ilifunga mengi kuliko wakati wowote, naye akapewa unahodha.

Tonton Rennie alifariki mwaka 2014. Kanisani, mchungaji alisifu ndoa yake na kazi yake ya mitambo. Maman Thérèse akainuka.

“Pasta, haujasema kama alikuwa mucheza mupira. Miye niliolewa na mucheza mupira.”

Guylain alianza kupiga makofi, na kanisa zima likamfuata.