Nilimpaka Senge Matope Usoni kwa Kamera

Ndugu yangu, nilikosa, na wa kulaumiwa ni mimi. Usinionee huruma mapema, ngoja kwanza usikie nilichofanya.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha pale Kapkatet. Harusi, ubatizo, picha za kitambulisho, zote zilikuwa zangu. Kisha nikasoma kwenye gazeti moja kuukuu kwamba filamu ukishaipiga unaweza kuirudisha nyuma, uiingize tena kwenye kamera na kupiga juu ya zile za kwanza. Picha mbili zinakuwa moja. Kichwa kikavimba! Nikaacha kujiita mpiga picha, nikawa msanii.

Wakati huo kulikuwa na maonyesho ya mazingira yanakuja mjini Kericho, katika ukumbi wa kanisa. Nikaamua kuonyesha watu walivyoharibu nchi yetu. Nikashuka hadi chemchemi ya kwetu, ambayo ilikuwa imekauka. Miti ya blugamu, yaani mikaratusi, ilikuwa imeizunguka ikanywa mpaka tone la mwisho, likabaki tope lililopasukapasuka. Nikalipiga filamu nzima.

Juma hilohilo Senge akaniita. Senge kwa lugha yetu ni shangazi, dada wa baba, na wangu ndiye aliyenilea. Hakuwa na picha yake hata moja ukiacha ile ya kitambulisho, ambayo alisema inamfanya aonekane mwizi wa kuku. Alijipaka mafuta, akavaa sweta ya akina mama wa kanisa, akasimama kando ya majani chai yake.

Aliniambia, "Piga uso vizuri. Nataka kuweka hapo juu ya kabati ya vikombe."

Nami, shetani gani sijui, nikampiga juu ya ile filamu ya matope.

Picha ikatoka nzuri ajabu, hilo sikatai. Macho ya Senge yalikuwa yakitazama kutoka ndani ya tope, na mashavu yamepasuka kama chemchemi yenyewe. Nikaikuza, nikaitundika Kericho. Chini yake nikaandika: ALIYEMALIZA MAJI. Watu wakajaa pale, nami nikajaa kiburi.

Sikujua kwamba Senge angekuja. Alikuwa amesikia picha yake iko mjini, akaleta akina mama wanne wa kanisa waione. Walisoma maandishi. Mmoja akajifanya anakohoa.

Senge aliisogelea picha. Hakupandisha sauti.

"Hiyo blugamu nani alipanda?"

Jamani! Nilitamani sakafu initafune. Nilipokuwa kidato cha pili ni mimi niliyebeba ile miche kutoka shuleni, nikamwambia inakua haraka, atapata kuni na nguzo. Hakuitaka. Alisema pale penye maji panahitaji miti ya asili, ile ya zamani. Nikamcheka, nikaipanda kwa mikono yangu kuzunguka chemchemi, na yeye akaniachia kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Akasema, "Basi miti ni yako. Sura ni yangu kwa nini?"



Tangu siku hiyo Senge hapigwi picha. Harusi ya binti yangu aligeuka, kwa hiyo albamu yetu ina mgongo wake na kilemba. Nilimwomba msamaha kwa sukari, kwa blanketi, hata kwa mchungaji. Alipokea vyote akashukuru, lakini uso hakutoa. Na ile filamu haiwezi kutenganishwa. Senge na tope wameshikana humo milele.

Mwishowe nilikata blugamu zote. Kisha nikapiga picha ya visiki, na juu ya filamu hiyohiyo nikajipiga mwenyewe, nikampelekea. Akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyo nilidhani yameisha.

Hayajaisha. Leo ukiingia kwa Senge, juu ya kabati ya vikombe, mahali alipotaka uso wake ukae, utanikuta mimi nimechipuka visiki kichwani. Wageni wakiuliza ni nani, anajibu huku akimimina chai: "Huyo ndiye alimaliza maji."

Chemchemi imeanza kulowa kidogo. Senge ana miaka themanini na kitu, na sina picha yake.

Wenzangu wenye kamera, kabla hamjamnyooshea mtu lenzi, kaulizeni kwenu nani alipanda.