Mchi Uliokimbizwa

Sogea unisikilize, wewe unayetunza sauti za watu kwenye kompyuta. Nitakueleza polepole, na ukiachwa mahali usijilaumu, rudi nyuma kidogo usome tena. Hata mimi jambo hili lilinichukua muda kulielewa, na siku nilipolielewa nilikuwa nimekabiliwa na mzee mmoja aliyekuwa karibu kuamini kwamba mimi ni mwizi.

Nilikuwa na steshenari Korogwe mjini. Mbele nilitoa fotokopi na kuchapa barua. Nyuma, kwenye chumba nilichokitundikia magodoro ukutani, nilirekodi kwaya, kaswida na vikundi vya ngoma. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba ikaingia ya kila aina, mpaka kompyuta. Yangu ya kwanza niliinunua kwa mtaalamu wa mradi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Ilikuja na programu ya kurekodi ambayo sijapata kupenda nyingine kama ile. Niliweza kukata kikohozi cha mwimbaji katikati ya ubeti na mwenyewe asijue kama alikohoa.

Humo nilimrekodi mama mmoja wa Kwedizinga, kule Handeni, aliyejua nyimbo za Kizigua za kutwangia mahindi. Hakutaka kuimba mikono mitupu. Alisema bila mchi wimbo haumjii. Basi tukaingiza kinu chumbani, yeye na binti yake wakatwanga kwa kupokezana, huku yeye akiimba. Nikawapa kaseti, faili likabaki kwenye mashine.

Baadaye mama yule alifariki. Kaseti nayo ikamezwa na redio nyumbani kwao, utepe ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku. Na mashine yangu ya zamani ilikuwa imeshaungua siku moja umeme uliporudi kwa kishindo. Diski yake niliipeleka Dar es Salaam, fundi mmoja akanitolea mafaili, nami nikanunua kompyuta nyingine. Hii ilikuwa ya mfumo tofauti kabisa. Ile programu yangu niipendayo ilikataa katakata kuingia humo. Nikatafuta nyingine, nayo ikayafungua mafaili yote bila kuuliza swali hata moja. Nikaona huo ndio wema wake.

Ndipo binti yule akaja, sasa mama mwenye mtoto mgongoni, pamoja na mjomba wake, kaka wa marehemu. Walitaka kaseti mpya. Mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yake, na mama yake alitaka akue akiisikia sauti hiyo. Nakala nyingine haikuwepo popote duniani. Nikawakaribisha viti, nikabonyeza.

Ikatoka sauti nyembamba, ya mbio, kama ya msichana wa shule anayewahi kengele.

"Huyu siye mama," dada yule akasema.

"Sema tena," mjomba akamwambia, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Wimbo ni wake, mjomba. Anayeimba simjui."

Mzee akavuta kiti mbele. "Fundi. Juzijuzi redio moja ya Dar imepiga wimbo wa Kizigua, umetiwa magitaa. Nikajiuliza, hawa wameutoa wapi?"

"Mzee wangu, mimi sijauza kitu."

"Nani kasema umeuza? Mimi nimesema redio."

Sikumlaumu. Miaka ile watu walipita vijijini na vinasa sauti, wakaondoka na nyimbo, na nyimbo zikarudi zikiwa na majina ya watu wengine. Na mimi nilikuwa na shaka zangu. Fundi wa Dar alikaa na diski yangu peke yake. Nikawaza, pengine kachukua ya kweli, kanipachikia msichana. Kwa hiyo tukakaa pale watatu, kila mmoja akimtilia shaka mtu.

Nikaupiga tena wimbo. Safari hii niliacha kumsikiliza mwimbaji, nikasikiliza kinu. Kama umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga, unajua mbwembwe zao: mmoja anaurusha mchi juu, anapiga kofi, anaudaka unaposhuka na kuushindilia. Kofi, kisha kishindo. Kwenye kompyuta yangu kofi na kishindo vilikuwa vinagongana.

"Dada, hivi mtu anaweza kutwanga namna hii?"

"Nipe kinu nikuonyeshe."

Tukaazima kwa mama ntilie wa jirani. Alikuja nacho mwenyewe na mahindi yake ndani, akasema kama ni kutwanga basi kitwangwe kitu. Dada akamfungua mtoto mgongoni, akampa mjomba.

"Nimshike vipi na mimi naongea na mtu?"

"Ongea naye umemshika."

Nikabonyeza. Dada akarusha mchi, akapiga kofi. Mchi ungali hewani, na ule wa kwenye kompyuta ulikuwa umeshatua. Akajaribu tena, akaachwa tena. "Haiwezekani," akasema. "Hata ningekuwa na nguvu za punda, mchi hauwezi kushuka haraka hivyo."

"Labda kofi alipiga mtu wa pembeni," mjomba akasema. Mtoto alikuwa amemshika ndevu.

"Labda, mzee," nikamjibu. "Basi tupunguze mwendo tuone huyu anayeimba atageuka nani."

Hapa nisikilize vizuri, ndipo palipo na siri yote. Kompyuta haihifadhi sauti kama mkondo wa maji. Inaikata vipande vidogo sana, maelfu kwa kila sekunde. Ili kuirudisha, lazima ijue ivitoe vipande hivyo kwa spidi gani. Mashine yangu ya zamani ilikuwa na tabia ya kutunza faili katika sehemu mbili: sauti upande mmoja, maelezo yake, spidi ikiwemo, upande mwingine. Mfumo mwingine hauijui desturi hiyo. Faili lilipohamishwa, sauti ilikuja na maelezo yakabaki. Programu mpya ilikuta vipande visivyo na maelezo, ikakisia spidi, na ikakisia kubwa mno. Ndiyo maana haikuniuliza kitu.

Nikatafuta mpaka nikapata mahali pa kubadilisha spidi. Nikaishusha. Ikatoka sauti nzito, ya kukoroma.

"Sasa mmemfanya babu," mjomba akasema.

Nikapandisha kidogo. Dada akarusha, akapiga kofi, akaachwa. Nikashusha kiasi, akajaribu tena. Hatimaye mchi wake na mchi wa kwenye kompyuta ikatua pamoja, pu. Hakusimama. Akaendelea, akipiga zamu zake tu, zamu nyingine akiiachia kompyuta. Na sauti iliyokuwa ikiimba ilikuwa pana, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila mstari, kama nilivyoikumbuka.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, mtoto kifuani. "Ndiye," akasema. Kisha akakohoa. "Nitolee kaseti mbili hapa hapa, nikiona kwa macho yangu. Na ile ya redioni nitaendelea kuiulizia."

"Iulizie, mzee. Ukijua nami unijulishe."

Nilipokuwa nanakili, dada aliuliza huku akimfunga mtoto mgongoni: "Na hii mashine nayo ikifa, kaka, tuje tena na kinu?"

Nilimwambia hapana, na nikampa sababu. Nawe nakupa hiyo hiyo. Kabla hujaiacha mashine ya zamani, fungua kila faili humo, angalia spidi yake, na uiandike kwenye jina lenyewe la faili. Kisha lipige kwenye mashine mpya ukiwa na mtu anayemfahamu mwimbaji, na usiizime ile ya zamani mpaka mtu huyo aseme, "Ndiye."