Kati ya Chuki na Kinyaa

Harufu ya omena ilituamsha kila asubuhi pale Dunga, kijijini kwetu kando ya ziwa. Mama aliwaanika dagaa hao juu ya nyavu kuukuu kabla jua halijakolea, nami niliwageuzageuza nikiwa nimeshavaa sare, kisha nikakimbilia shuleni. Magamba madogo yalinata kwenye mikono ya sweta yangu yakimetameta, na mimi niliyaona mapambo.

Yalikuwa mapambo hadi siku mwalimu wetu wa darasa la sita alipotufundisha maneno ya kutopenda. Kero, alisema, hupita kama inzi. Chuki hukaa moyoni na huwa na sababu yake. Kinyaa hukaa tumboni. Mwili humkataa mtu kabla moyo haujaulizwa. Akataka sentensi. Atieno, niliyeketi naye dawati moja na kugawana naye mahindi kila mchana, akasimama. "Mimi huona kinyaa nikikaa karibu na Akinyi." Darasa zima likanigeukia, likaangua kicheko. "Sarufi ni sahihi," mwalimu akasema, akamwita mwingine. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini Atieno hakujikwaa. Alisema taratibu, bila ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jioni Mama alinikuta kando ya ziwa nikijisugua mikono kwa mchanga. Nikamweleza yote. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu, ikabidi nimfafanulie neno lenyewe kwa Kijaluo.

"Kwani huyo mtoto anakuchukia?" akauliza.

"Hapana, Mama. Angenichukia ningemuuliza nimemkosea nini."

Mama akaitazama mikono yake, akaiingiza ndani ya leso aliyojifunga kiunoni. Niliiona aibu yangu ikimwingia. Kuanzia kesho yake aliwageuza omena peke yake, na kila alipoitwa shuleni alisimama nje ya lango, akaomba mwalimu amfuate huko.

Siku hizi binti yangu husema anachukia kila kitu: mvua, hesabu, mboga ya sukuma wiki. Nikimuuliza kama ni kero, chuki au kinyaa, hucheka. "Mama, si ni kitu moja tu?" Ningependa kukubali. Ukubwani nimechukiwa na watu kadhaa. Tumegombana, tukaombana radhi, tukapatana. Mimi na Atieno hatukuwahi kugombana. Tukikutana sokoni Kibuye, yeye hunyoosha mkono kwa furaha ya kweli, nami, kabla sijampa wangu, huufuta kwenye sketi.